Nani Alinioa, Mama?

Mpendwa Mama,

Masika yameanza mapema mwaka huu, na ule ulezi ulionikataza kuupanda upande wa chini nimeupanda huko huko. Usinune. Umeota vizuri, na ndege hawajaugundua bado.

Naandika nikijua huwezi kuisoma barua hii. Hata ungekuwa hai, ningekusomea mimi, wewe ukichambua mboga na kunikatiza kila mstari kwa kusema sivyo ilivyokuwa. Lakini tangu tulipokuzika wanawake wa hapa Nyanungu hawaniachi. Tukikutana kisimani wananiuliza, kwa upole kabisa, sasa nitaolewa na nani, kana kwamba miaka yote hii nimekuwa nyumbani kwako kama mgeni aliyepitiwa na usingizi. Barua hii nimeiacha wazi kwa sababu nyumba kama yetu ziko nyingi, na wake wa nyumba hizo hawajui waseme nini wakiulizwa. Mimi nilibahatika kupata mwalimu. Kwa kweli nilipata wawili, na wewe ndiwe uliyekuwa mkali.

Nakumbuka siku uliyokuja kwetu Kenyamonta. Mabinti zako wote walikuwa wameshaolewa, mumeo alikuwa amekufa zamani, na mtoto wa kiume hukujaliwa. Ng'ombe wa mahari ya binti yako wa mwisho walikuwa bado zizini, nawe ukaamua kufanya lile ambalo mila inamruhusu mwanamke wa nyumba ya namna hiyo, nyumba ntobhu tunavyoiita: kuoa mke atakayeizalia nyumba yako watoto. Shemeji yako ndiye aliyezungumza na baba yangu, kama ilivyo desturi, lakini watu wote walikuwa wanakutazama wewe. Ulikaa pembeni umenyoosha miguu, ukanitazama tangu kichwani mpaka kwenye nyayo, kisha ukaomba maji. Nilipokuletea ulisema asante, na hilo lilinishangaza kuliko mambo mengine yote ya siku ile.

Kaka yangu aliwapokea ng'ombe wako kwa furaha, kwa maana naye alikuwa anataka kuoa. Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nne kwa wamisionari na nilikuwa nimeanza kujiona. Njiani kuja Nyanungu nililia tangu tulipoliacha boma la baba. Wenzako waliokufuata walikuwa wananibembeleza na kunitajia uzuri wa nchi yenu. Wewe ulisema, 'Lia tu, njia ni ndefu.' Basi nikalia mpaka nikachoka, nikaanza kuangalia milima.

Tulipofika ulinionyesha nyumba, jiko, kihenge na vibuyu vya maziwa. Ukaniambia hapa hakuna mwanamume wa kunipigia kelele, kelele utapiga wewe mwenyewe. Ulitimiza ahadi hiyo bila kukosa hata siku moja.

Kuhusu watoto ulikuwa muwazi kuliko nilivyotegemea. Ulisema nyumba inataka watoto, na mtu wa kunipa watoto nimchague mimi, ila asiwe mlevi na asiwe mtu wa kupiga. Nilimchagua Marwa, wa mlima wa pili. Hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa kupiga. Alikuwa mrefu, mwenye aibu, na alipocheka alifunika mdomo kwa mkono kama msichana. Magige alipozaliwa ulimpokea mikononi mwako ukamwita kwa jina la ukoo wa mumeo, nikajua kwamba kazi iliyonileta hapa nimeifanya. Marwa akaenda Kericho kwenye mashamba ya chai, nasi tukabaki watatu.

Ndipo akaja yule Mzungu. Alikuwa amepanga kwa wamisionari wa Tarime, mwanamke kijana mwenye pua iliyobabuka kwa jua, na alichotaka kutoka kwetu hakikuwa ng'ombe wala ngozi wala roho zetu. Alitaka vitenzi. Kwao, alisema, kuna watu ambao kazi yao ni kuchunguza jinsi maana ya kitenzi inavyoipanga sentensi, nani atangulie, nani afuate, nani asiwepo kabisa. Watu wakamwita Nyamang'ana, mama wa maneno. Alikuwa anatafuta mtu anayejua Kikurya sawasawa na mwingine anayeweza kumtafsiria kwa Kiswahili, na mwalimu wa shule akamwelekeza kwetu. Ulimkubali kwa sababu alikuamkia shikamoo kabla hajaketi.

Unakumbuka asubuhi ile ya kwanza? Alitoa vile vikaratasi vyake vigumu, akakuomba useme kwa Kikurya, 'Ng'ombe wangu wamekufa.' Ulimtazama, kisha ukatazama zizini.

'Hawajafa,' ukasema.

Nikakueleza kwamba ni mfano tu. Ukauliza mfano ni nini. Nikasema ni maneno ambayo mtu anayasema bila kuyamaanisha, ili mwingine ajifunze. Ukasema watu wa namna hiyo unawajua, na hukai nao. Neno likitoka mdomoni limeshaanza kazi, ulisema, na kazi ya neno lile huitaki kwenye zizi lako. Nyamang'ana alicheka, akadhani unatania. Hukuwa unatania. Kuanzia siku ile mpaka alipoondoka hukumpa sentensi hata moja ambayo haikuwa imetokea.

Basi ikabidi yeye ayafanye mambo yatokee. Alitaka kitenzi cha kumwaga, akamwaga maji uwanjani, ukasema haya, sasa tunaweza kuzungumza. Alitaka kitenzi cha kuvunjika, akaja na chungu chenye ufa alichokinunua sokoni, akakiangusha mbele yako. Ulikitazama kwa masikitiko. Ulisema hakikuvunjika, amekivunja yeye, tena kilikuwa bado kinafaa kuhifadhia mbegu. Nilitafsiri nikijizuia kucheka, lakini yeye alikuwa ameshaanza kuandika kwa haraka, uso umemng'aa, kwa maana hilo ndilo hasa alilokuwa analitafuta.

Jioni ile alinieleza, na sijasahau. Alisema kila kitenzi kinakuja na vigoda vyake. Kitenzi cha kulala kina kigoda kimoja, cha anayelala. Kukamua kina viwili, cha mkamuaji na cha ng'ombe. Kupa kina vitatu, cha anayetoa, cha anayepokea, na cha kile kitu kinachopita kati yao. Ukiacha kimoja wazi, msikilizaji anabaki anakungoja umalizie. Maana ya kitenzi, alisema, ndiyo inayoamua vigoda ni vingapi na nani anastahili kukalia kipi. Chungu kinaweza kuvunjika bila kumtaja mtu, kwa sababu kuvunjika ni jambo linaloweza kumpata chungu. Uwanja je? Uwanja hauwezi kufagiwa bila mwenye ufagio, hata kama hukumtaja yumo humo ndani ya maana. Nilimwambia watoto wanalijua hilo kabla hawajaota meno yote. Magige hakuwahi kupasua kibuyu. Vibuyu vilipasuka tu, yeye akiwa karibu.

Nilifurahi sana siku zile, Mama. Sikuwahi kukwambia. Nilikuwa nakamua huku nahesabu vigoda. Nilikuwa nikisikia wanawake wanagombana kisimani, nasikiliza nani kamweka nani wapi katika sentensi, maana ugomvi mwingi ni huo tu. Nyamang'ana aliniambia nina sikio la kazi hii, na ilikuwa mara ya kwanza mtu kuniambia nina kitu zaidi ya mikono na tumbo la uzazi.

Kisha tukafika kwenye kuoa. Alikuwa na kikaratasi ambacho alishakiandika tangu kwa wamisionari: mwanamume anaoa, mwanamke anaolewa. Alikisoma kwa sauti, akangoja ukubali tu ili tuendelee. Ukasema, bila hata kuinua macho kwenye mtama uliokuwa unaupepeta, 'Mimi nilioa. Nilimwoa huyu.'

Nyamang'ana alidhani nimetafsiri vibaya. Akauliza kama unataka kusema ulimwozesha mwanao. Ukasema, 'Ndiyo, unaweza kusema hivyo. Alioa mwanangu.' Akauliza huyo mwanao yuko wapi. Ukasema hakuzaliwa. Yule dada wa watu aliweka kalamu chini. Kesho yake alikuuliza tena, nawe ukasema nyumba ndiyo iliyooa. Siku nyingine ukarudi kusema ulioa wewe, kwa maana ng'ombe ulitembea nao wewe na miguu iliyovimba ilikuwa yako. Nilifikiri atakasirika. Hakukasirika, alikuwa mtu mwenye subira ya ajabu. Aliziandika zote tatu, akazitazama siku nyingi, mwisho akakifuta kile kikaratasi chake. Akaniambia ameelewa: huku kwetu kigoda cha mwenye kuoa hakiulizi kama wewe ni mume au mke, hakiulizi hata kama umezaliwa. Kinauliza ng'ombe wametoka wapi na watoto watahesabiwa kwa nani.

Nilimpongeza kwa moyo wote. Lakini usiku nilipolala niliona jambo ambalo yeye hakuliandika. Sentensi zilikuwa tatu, na katika zote tatu mwenye kuoa alibadilika, mara wewe, mara nyumba, mara mwana asiyezaliwa. Mimi sikubadilika. Zote tatu zilinikalisha mahali pale pale, nimetulia kama mzigo uliofikishwa. Sikukulaumu. Nilihuzunika tu, na asubuhi nikaamka nikafagia uwanja.

Mwaka ule Marwa alirudi kutoka Kericho. Alikuwa na baiskeli na koti, lakini kicheko kilikuwa kile kile cha kufunika mdomo. Siku chache baada ya kufika alileta mtamba mwekundu, akamswaga mpaka zizini kwetu, jua likiwa bado juu. Wewe na mimi tulikuwa pale. Alisema ng'ombe huyo ni wa Magige, ili mtoto wake asikose maziwa. Alisema hivyo hivyo, mtoto wake. Ulifungua zizi, mtamba akaingia.

Kisha akaniambia mimi, kule mtoni, kwamba anataka kunioa yeye mwenyewe, nyumbani kwake. Ng'ombe wako angewarudisha wote, akisaidiwa na ndugu zake. Nami ningekwenda kwake na Magige angekuja nami, maana mahari ikirudishwa yote nyumba haina tena dai. Sasa nitakwambia wazi, Mama, kwa sababu hakuna tena wa kuumizwa nalo. Nilimpenda Marwa. Sikumpenda kama mtu anayeletwa kuipatia nyumba watoto. Nilimpenda nikisikia kengele ya baiskeli yake tu, na nilikuwa najua inakokatia kona. Nilimwambia sijui. Alikubali, lakini hakuweza kungoja, akalipeleka jambo kwenye ritongo, baraza letu la kijiji, mbele ya wazee na watu wote, kama haki yake ilivyokuwa.

Ulipopata habari ulipika ugali ukaula wote. Shemeji yako alikuja siku hiyo hiyo na ushauri. Alikuwa amesikia kwamba Marwa atamtaja yule mtamba, kwamba atasema ndio mwanzo wa mahari na wewe ulipokea. Akakwambia usihangaike, sema uliwekeshwa. Nani asiyeamini? Huku kwetu mwenye ng'ombe wengi huwatawanya, mmoja kwa huyu, mwingine kwa yule, ili ugonjwa au wezi wakija wasimalize zizi zima. Anayewekeshwa hunywa maziwa na kuchunga, mali hubaki ya mwenyewe, na wala hakuna undugu unaozaliwa hapo. Nusu ya ng'ombe wa Nyanungu wanalala kwa watu wasio wao. Ukisema hivyo kesi imekwisha, alisema. Ulimwuliza habari za mgongo wake.

Nilikaa na maneno yale kichwani nikiyapima kama Nyamang'ana alivyonifundisha. Ng'ombe mmoja, njia moja, zizi moja. Ukisema amewekeshwa, Marwa ni mwenye mali na sisi ni wachungaji wake tu. Ukisema ametolewa mahari, Marwa ni mkwe na mimi nimeshaanza kuondoka. Ukisema amepewa mtoto, basi yuko mtu mwingine kwenye habari hii, mtoto mwenye kibuyu, na aliyetoa anasimama karibu naye mno. Macho yaliyomwona yule mtamba akipita yasingeona tofauti yoyote. Tofauti ilikuwa kwenye kitenzi utakachokichagua wewe, na kwenye kitenzi hicho tulikuwa tumekaa sote: mjukuu wako, mimi, na uzee wako.

Ritongo ilikaa asubuhi, upande wa pili wa malisho. Wanaume walikaa mbele, sisi wanawake nyuma. Marwa alisema maneno yake vizuri, bila kutukana mtu. Alisema alianza kutoa mahari na wewe ukapokea. Mzee aliyekuwa anaongoza akakugeukia, akakuuliza yule mtamba alikujaje kwako. Shemeji yako alikuwa anakutazama kwa macho ya kukusihi. Ulisimama taratibu, ukalishika goti lako.

'Hakuniwekesha, wazee wangu,' ulisema. 'Wala hakutoa mahari. Alimpa mtoto. Alisema mtoto wake apate maziwa, nami nikamfungulia zizi.'

Watu walinong'ona mpaka mzee akainua mkono. Marwa mwenyewe aliinamisha kichwa, kwa sababu alikuwa amekuja amejiandaa kupigana na uongo. Ulikuwa umemnyang'anya mahari yake, lakini ulikuwa umempa kitu kikubwa zaidi: ulikiri mbele ya wote kwamba alimwita Magige mtoto wake na wewe hukumkataza. Nilikutazama mgongo. Kanga uliyojifunga ilikuwa ya kijani, ile iliyochanika pembeni. Nilijua wewe ndiwe mwenye kupoteza kila kitu pale, na nilijua kwamba ulishakipima kile kitenzi cha uongo, kirahisi kama kilivyokuwa, ukakiona hakijatokea.

Wazee walinong'onezana kwa muda mrefu. Kisha yule mzee akasema jambo limekuwa si la ng'ombe tena. Marwa yuko tayari kurudisha mahari, nyumba ya mama huyu inayo haki yake, sasa aulizwe mwanamke mwenyewe. Akaniita mbele.

'Mama Magige,' akasema, 'uliolewa na nani, na unataka nini?'

Nilikuwa na majibu matatu, yote ya kweli, yote yameandikwa kwenye vikaratasi vya mtu. Sikusema hata moja.

'Kuolewa niliolewa, mzee wangu,' nikasema, 'na walionioa mnawajua. Hayo yalifanywa nami nikiwa nalia njiani. Lakini kukaa nakaa mwenyewe. Nakaa.'

Alingoja niendelee. Akauliza, nakaa kwa nani? Nikasema tena, nakaa. Hakukuwa na la kuongeza. Kitenzi kile kilikuwa na kigoda kimoja, na kwa mara ya kwanza tangu nitoke Kenyamonta nilikuwa nimekikalia mimi.

Nataka ujue kwa nini, kwa sababu hukuniuliza, na watu wamesema mengi. Wamesema niliogopa ndoa ya kaka yangu isivurugike, kwa maana ng'ombe wako ndio aliooa nao. Si hivyo, Marwa angelipa, na kaka yangu asingeguswa. Wamesema uliniwekea dawa. Kwa mapishi yako, Mama, dawa ningeitambua. Nilikaa kwa sababu asubuhi ile, hapo nyuma ya mgongo wako, nilijua kwamba ukiniambia neno nitaweza kuliegemea mpaka nizeeke. Marwa nilimpenda, lakini Marwa alisema alitoa mahari, na nilikuwepo, na hakutoa. Lilikuwa jambo dogo, na alilisema kwa sababu ya kunitaka. Nililiona hata hivyo.

Wazee waliamua mtamba abaki wa Magige, na Marwa awe huru kuja kumsalimu mtoto wakati wowote. Alikuja mara mbili. Nilimwambia anaweza kuja kuishi na sisi, akasema mwanamume haingii boma la mwanamke na begi lake. Akarudi Kericho, na baadaye nikasikia ameoa karibu na Sirari. Niliumia. Nililia kwenye shamba la mihogo ambako ulidhani napalilia, ndiyo maana magugu ya msimu ule yalikuwa vile. Nyamang'ana nilimsimulia yote siku aliyokuja kuaga. Alinisikiliza bila kuandika chochote, akasema kitenzi hicho cha mwisho, kukaa, hakuwahi kuniuliza, kisha akanishika mkono muda mrefu.

Nawe, njiani kutoka ritongo, hukunishukuru. Ulizungumza juu ya nyasi za kuezekea. Ulisema paa la jiko halitafika masika, ukalizungumzia paa hilo mpaka tukafika nyumbani. Nilikasirika kidogo, nakiri. Nilifikiri mtu aliyefanya nililofanya mimi anastahili walau nusu neno. Nikaenda kukamua bila kukujibu kuhusu nyasi.

Miaka imepita tangu hapo, mizuri kwa sehemu kubwa. Magige amekwenda shule, anakwenda hata sasa, na amejifunza kusema mambo yamevunjika kwa Kiingereza pia. Yule mtamba ameshatuzalia ndama wa kutosha. Kelele zako zilipungua kadiri pumzi ilivyopungua, mpaka mwaka jana ukawa unanipigia kelele kwa macho tu.

Siku moja kabla hujaacha kula, ulikuwa umekaa uwanjani kwenye jua la asubuhi, nami nakunywesha uji. Ghafla ukauliza kama siku ile ya ritongo nilitaka kwenda. Ningeweza kusema sikutaka. Ulikuwa mgonjwa, na mtu yeyote mwenye adabu angesema sikutaka. Lakini nimeishi na wewe mno.

'Nilitaka, Mama,' nikasema.

'Najua,' ukasema. 'Nilikufungia mzigo.'

Sikuelewa. Ukanieleza polepole, kwa pumzi ile iliyokuwa inakatika, kwamba asubuhi ile, mimi nikiwa nimekwenda kisimani, ulizikusanya nguo zangu na za Magige, ukaweka na blanketi lako jipya kwa sababu letu lilikuwa limetoboka, ukafunga vizuri ukauficha nyuma ya kihenge. Ulisema hukutaka nirudi ndani kutafutatafuta vitu huku watu wanatazama. Ulitaka nikishasema nakwenda, niende wima. Nikakuuliza uliufungua lini. Ukasema jioni ile ile, nilipokuwa nakamua nimekununia, na kwamba ulikuwa na haraka kwa sababu hukutaka nikukute unalia.

Kisha ukafungua mdomo kwa ajili ya uji.

Kwa hiyo, Mama, mzigo ule ndiyo asante niliyokuwa nakudai, nami nimeipata. Lala bila wasiwasi. Paa la jiko tumeliezeka.

Mwanao,
Bhoke